Mashahidi wa Asya binti Khattab

Drumlaw, Skotlandi
20 Februari 2023

Dada yangu Mabruka,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine mpe Kaka Harub, yule asiyependa kuandika barua lakini akisahauliwa salamu hununa mwezi mzima. Wasalimu wanao Shihab na Balqis na wajukuu, na wifi yetu Bimdogo mwenye ulimi wa pilipili, mwambie nimeukumbuka. Mimi ni mzima, uzima wa mtu wa miaka sabini na tatu. Magoti yanalia nikipanda ngazi, theluji imeyeyuka, limebaki tope. Najua masikio yako hayapokei tena simu, na mimi hizo simu za kuparaza kwa kidole sizitaki, kwa hiyo tuandikiane kama zamani.

Habari ya huku ni kwamba mtaa wetu unavunjwa. Nyumba hizi za safu zilijengwa na wenye mgodi kuwaweka wachimbaji makaa, nyumba arobaini zimeegemeana, ukikohoa jirani anakuombea afya. Sasa tumebaki watu watatu: mimi, Jean wa mlango wa pili, na mzee Rab aliyefanya kazi chini ya ardhi pamoja na marehemu mume wangu Iskandar. Mgodi ulifungwa mwaka wa themanini na sita. Yakafuata maduka, ikafuata benki, skuli, na basi la saa mbili. Vijana wakaenda mijini. Sasa wanaufunga na ukumbi wa wachimbaji, ule niliopikia mwaka wa mgomo. Nilikueleza habari zake: wanaume mwaka mzima hawana mshahara, na sisi wanawake tunapika pamoja, watu mia tatu kila siku. Mara ya kwanza nilipotia bizari nyembamba kwenye wali walinitazama kama nimewatilia sumu. Wiki ya pili wakawa wanauliza Asya atapika lini.

Mji huu umekufa, dada. Nasema umekufa kwa sababu nimeuona ukikata roho, kidogo kidogo, miaka thelathini na saba. Na mimi mtoto sikujaaliwa, Iskandar ana miaka minne kaburini, na hiyo nyumba wanayotaka kunihamishia ni ya ghorofani, mji wa pili, kwa watu nisiowajua. Sitaki. Nataka kuja kwetu.

Na usiniambie nije kwa viza. Nilikuja kwa viza mwaka wa tisini na nane, nikasimamishwa foleni ya wageni pale uwanja wa ndege wa Maskati, na nyinyi nyote upande wa pili mnanipungia mikono. Niliapa siku ile kwamba sirudi tena kwetu kama mtalii. Nataka kurudi kwa jina la baba, nikifa nizikwe kama mwenyeji. Sheikh wa ukoo wetu alituambia wakati ule: wapatikane wanaume wawili wa ukoo waliotujua Unguja, wakae mbele yake, waseme huyu ni Asya binti Khattab, naye ataandika barua ya nasaba ya kuombea uraia. Makaratasi yangu yalipotea mwaka wa sitini na nne, lakini watu hawajapotea. Wamebaki wawili: Harub, na Hud mtoto wa ami. Mwambie Harub akamchukue Hud kule Fanja waende kwa sheikh. Ni kazi ya asubuhi moja. Nimempigia Harub mara nne, simu imezimwa. Huyo naye!

Mdogo wako,
Asya

---

Ibra
21 Machi 2023

Mdogo wangu Asya,

Marahaba, marahaba, mwanangu. Barua yako imefika, nimeisoma dirishani kwenye mwanga, nimelia kidogo na nimecheka kidogo kwa habari za bizari. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Ramadhani ni keshokutwa, Balqis ameshajaza friza sambusa, na mimi nimekatazwa chumvi na daktari kwa ajili ya moyo, kwa hiyo nitafuturu kama mgonjwa. Wiam, binti wa Shihab, ameolewa wiki iliyopita. Harusi tuliifanya kimya kimya, bila ngoma. Bimdogo hakuja, hatoki siku hizi. Bibi harusi alipendeza, hina ilimkubali mpaka kwenye viwiko.

Harub anakusalimu sana. Simu yake imeharibika.

Hilo la sheikh nimelisikia. Lakini mwenyewe unajua, Ramadhani ikiingia watu hawashughulikii kitu, kisha Idi, kisha sheikh huwa na wageni wake. Tungoje kidogo. Shihab anataka kuja huko Uingereza kwa kazi ya ofisi yake, pengine mwezi wa tano. Akija atakaa na wewe siku mbili tatu, atakueleza mengi. Mngoje Shihab.

Na mimi, Asya, ningekuomba uiache hiyo hasira ya foleni. Viza ni karatasi tu. Njoo, ulale chumba cha Balqis, mengine yatafuata huku huku. Kitanda kipo.

Dada yako,
Mabruka

---

Drumlaw
9 Mei 2023

Dada yangu,

Shikamoo. Idi imepita salama? Mimi nilisali chumbani, kisha Jean akaleta keki tukala, na Rab akaja amevaa koti la mazishi kwa kunistahi. Wanajua kuwa ni sikukuu yangu, ila ya nini hawajui, na kila mwaka nawaeleza. Hongera za harusi ya Wiam. Afya yangu si mbaya. Nimepungua kidogo, nguo zinanicheza.

Ukumbi umefungwa. Siku ya mwisho tulikaa watu kumi na tisa kwenye viti mia mbili. Yalisomwa majina ya watu waliokufa mgodini mwaka wa hamsini na saba, gesi ilipowaka chini, watu ishirini na wawili. Kila mwaka husomwa. Safari hii Rab alisoma yeye, na alipofika jina la baba yake akasoma kama mengine, hakupandisha sauti wala hakuishusha. Nikajiuliza mwakani atasoma nani, na atamsomea nani. Hakuna.

Nataka nikueleze kitu cha mji huu nilichoshindwa kukizoea mpaka nilipozeeka. Mgodi ulikuwa na honi. Ikilia saa isiyokuwa yake, wanawake wote waliacha walichokuwa wakikifanya, unga mikononi, mtoto kwapani, wakakimbilia getini. Hapo getini kulikuwa na ubao. Mtu akitolewa chini maiti, jina lake liliandikwa ubaoni pale pale, mbele ya mkewe na mbele ya mama yake, na watu wote wakaliona wakati mmoja. Hapakuwa na kumzungusha mtu, wala kumwambia kwanza anaumwa kidogo, kisha amezidiwa. Iskandar alipovunjika mguu mwaka wa sabini na nane nilikimbia getini mimi pia, na nilipofika niliona ni ukatili kumpa mtu msiba kwa chaki. Sasa naona walikuwa na akili. Mtu alijua lililomfika, akaanza kulia siku hiyo hiyo.

Bimdogo hatoki, umesema. Haya.

Mwambie Harub aniandikie mistari miwili. Mwandiko wake kama njia ya kuku, lakini naujua. Na lile la sheikh lifanyeni haraka, dada, kwa sababu nyumba yangu itavunjwa mwezi wa kumi. Haraka ni kwa ajili ya nyumba tu. Shihab atakuja lini? Nimemtandikia kitanda.

Asya

---

Ibra
30 Julai 2023

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa, barua yako ilikaa posta, kisha ikaja joto la kuchoma mawe. Watoto wamenikimbia, wameenda kulala Misfat al Abriyeen milimani kwenye vile vyumba vya kukodi vya wageni, wanasema kule usiku unajifunika. Mimi nimebaki na kiyoyozi kinachotoa mlio wa ng'ombe, bahati nzuri sisikii. Tende za mwaka huu nzuri, nimekuwekea khalasi debe zima.

Shihab hakupata ruhusa ya safari. Wamemtuma mwenziwe. Sasa anasema labda mwezi wa kumi na moja.

Hud anasahau sahau siku hizi, lakini anakula vizuri, bintiye Tahira anamtunza. Sheikh alikuwa safarini, sasa amerudi. Harub hajambo.

Nguo zako zinakucheza kwa nini? Kula. Nilisoma habari ya ubao na chaki, sikulala. Wale ni wao na sisi ni sisi. Kwetu mtu hapewi habari nzito akiwa peke yake, lazima apate wa kumshika mkono.

Nakuombea kila sala.

Mabruka

---

Drumlaw
4 Septemba 2023

Mabruka,

Shikamoo. Sina barua ndefu leo. Jean amehamishwa. Tumebaki mimi na Rab, na mashine ya kuvunjia imeshaletwa, imeegeshwa mwisho wa mtaa, asubuhi nikifungua pazia ndiyo ninayoiona kwanza.

Miezi sita na nusu imepita. Asubuhi moja tu niliomba. Kutoka Ibra mpaka Fanja si safari ya Hija, mnapita Bidbid mnanunua chai njiani mmefika. Kama Harub hataki kusimama mbele ya watu akasema mimi ni dada yake, kwa sababu niliolewa na Iskandar, Mzungu aliyetoka shimoni na makaa usoni, aseme. Hakuja harusini kwangu, na sikumlaumu. Nilidhani tumeshazeeka na yamekwisha. Mwambie Asya anasema hivi: bora nijue kuwa nina kaka mwenye moyo wa jiwe kuliko kungojeshwa mlangoni kama ombaomba. Sitamsamehe hili, duniani wala akhera.

Asya

---

Ibra
1 Oktoba 2023

Asya, mdogo wangu,

Yafute maneno yale. Kabla hujasoma zaidi sema astaghfirullah, uyafute, kwa sababu umeyasema juu ya maiti.

Harub alifariki tarehe mbili Februari, Alkhamisi, baada ya sala ya alfajiri, akiwa amekaa kitako anavaa soksi. Barua yako ya kwanza ilipofika alikuwa ameshazikwa. Bimdogo mkewe alikuwa yumo edani, ndiyo sababu ya kutotoka. Tulikaa familia nzima tukasema: Asya yuko peke yake kule, hana mume, hana mtoto, hakuna wa kukaa naye matanga, hakuna wa kumpa maji. Asiambiwe kwa barua. Shihab akienda atamwambia uso kwa uso, atamshika, atalia naye. Wote tulikubali. Hakuna hata mmoja aliyesema vingine, mimi wa kwanza. Kisha safari ya Shihab ikasogezwa, ikasogezwa tena, na kila barua yako ikaja na jina la Harub, na mimi kila mara naandika anakusalimu, hajambo. Nikimaliza naenda kutawadha. Mungu shahidi, nilidhani nakufichia jua lisikuchome.

Wala hakuwa na kinyongo nawe. Mwaka mmoja kabla hajafa aliniuliza: "Yule Asya wetu, huko kwenye baridi, ana mtu wa kumkandia miguu?"

Sasa la pili. Hili ni zito kuliko la kwanza na nitakwambia lote.

Barua yako ilipofika nilimpigia Shihab kelele nyumba nzima ikasikia. Wiki iliyopita tulikwenda Fanja tukamchukua Hud pamoja na Tahira, tumemvisha kanzu mpya na kilemba, na mimi na Bimdogo nyuma ya gari. Tukafika kwa sheikh. Nikamwambia Harub hayupo, amebaki mwanamume mmoja. Sheikh akanitazama, akasema: "Ya Mabruka, leesh hatta al-hin? Mbona mpaka sasa? Mwanamume mmoja na wanawake wawili wanatosha. Hud na wewe na mke wa Harub, mngekuja mwezi wa sita ningeandika siku ile ile." Bimdogo ametoka edani mwezi wa sita, Asya. Na mwezi wa sita Hud alikuwa bado anajua mambo, alikuwa akituhadithia mpaka majina ya paka wa nyumba yetu ya Malindi kule Unguja.

Sheikh akamgeukia Hud, kwa upole kabisa. Akamuuliza: "Asya bint Khattab, ta'rifha? Unamjua?"

Hud uso ukamng'aa. Akasema kwa Kiswahili, "Asya? Namjua. Maskini Asya. Alikufa Unguja mwaka wa mapinduzi, mtoto wa miaka kumi na nne. Tulimlilia sana."

Nikamwambia, "Hud, Asya yu hai. Yuko Uingereza, aliolewa." Akanikasirikia. Akasema, "Mimi nimemzika kwa mikono yangu, wewe mwanamke unaniambia nini?" Akaanza kulia pale pale, analia kilio cha mtoto, na Tahira akamfuta machozi kwa ncha ya shela. Tulimpa maji tukajaribu tena, jibu lile lile. Sheikh akafunga kalamu. Akasema hawezi kuandika juu ya neno kama hilo, na mimi ningekuwa yeye nisingeandika.

Ningelikwambia ukweli mwezi wa tatu, wewe mwenyewe ungelisema: basi chukua Hud, chukua Bimdogo, nendeni. Una akili kuliko sisi sote. Sikuweza kuwataja hao bila ya kumtaja Harub kuwa hayupo. Nimekufungia mlango kwa mikono yangu.

Njoo kwa viza. Nakupigia magoti, njoo hivyo hivyo. Na uniandikie neno moja tu, kwamba umeniwia radhi.

Mabruka

---

Drumlaw
29 Oktoba 2023

Dada Mabruka,

Shikamoo. Mwandiko huu mbovu ni wangu, naandikia kitandani.

Nimemlilia Harub. Nimelia peke yangu, kama mlivyoogopa, kisha Rab akaingia na chai, akaniuliza nani, nikamwambia kaka yangu, akavua kofia akakaa. Alikaa mpaka giza likaingia. Unaona basi, mtu wa kukaa naye alikuwapo, mlango wa tatu. Niliyafuta yale maneno. Namwomba Mungu na Harub wayapokee nilivyoyafuta.

Na mimi nina la kwangu. Nina saratani ya kongosho. Daktari aliniambia mwishoni mwa mwezi wa nne, kabla sijakuandikia ile barua ya ubao na honi. Alisema miezi sita au minane. Nikaandika haraka ni ya nyumba. Niliona una ugonjwa wa moyo, na masikio, na huna chumvi, nikasema nisimtie Mabruka msiba akiwa mbali, nitamwambia nikishafika. Nilikaa nakupigia mahubiri ya chaki na mimi mwenyewe nimeficha. Ningelisema, wewe ungelimburura Hud kwa sheikh siku ile ile, edani au si edani, Harub akiwapo au asiwepo. Tumelelewa na mama mmoja, dada.

Kuna zaidi. Ulipoandika Bimdogo hatoki na harusi haikuwa na ngoma, niliisoma sentensi ile mara tatu. Mimi ni mtoto wa Malindi, najua mwanamke asiyetoka ana nini. Niliikunja barua nikaiweka chini ya godoro, kisha nikakuandikia Harub aniandikie mistari miwili. Sikutaka kujua. Halafu nikamtukana.

Ndege haiwezekani tena. Daktari amekataa kutia saini, na mimi hata bafuni sifiki bila ya kushikwa. Nyumba wameniachia mpaka nimalize, mashine inangoja.

Nitazikwa hapa, makaburi ya Drumlaw. Imamu wa mjini amekubali kuja na wanawake wawili wa kuniosha, siwajui. Shida ilikuwa kibla. Mashine ya makaburi huchimba kwa safu, na safu zao hazielekei kwetu. Rab amekwenda na wazee wanne, wote wachimbaji wa zamani, mdogo wao ana miaka sabini na moja, wakapima kwa dira kama walivyokuwa wakipima njia chini ya ardhi. Wamepigilia vigingi. Wamesema watachimba kwa mkono. Mmoja ana mapafu yaliyojaa vumbi la makaa, anapumua kama filimbi, nimemkataza hanisikii. Basi watanizika hao. Si ukoo wangu, na hakuna hata mmoja anayeweza kutamka jina la baba.

Umeniomba neno. Nimelitafuta, dada, sijaliona bado. Najua mlifanya kwa mapenzi, na mimi nilifanya kwa mapenzi, na mapenzi yenyewe yamenizika ugenini. Nina hasira, na nikilala naamka nayo. Siwezi kukuandikia kitu ambacho hakimo moyoni, uongo baina yetu umetosha. Nikilipata nitaliandika siku hiyo hiyo.

Akifa mtu huko, niambie.

Asya

---

Ibra
23 Desemba 2023

Asya,

Ulifariki tarehe sita. Mimi nimeambiwa jana.

Siku kumi na sita, Asya. Jean alimpigia simu Balqis siku ile ile, na Balqis akakaa nayo. Walisema mama ana moyo, asiambiwe akiwa peke yake, tumngoje Shihab apate likizo aje kutoka Maskati, amkalie karibu. Siku kumi na sita nimekuombea uzima kila sala. Nilimwambia Balqis aende posta na anirudie mbio, na alikwenda, na alirudi akasema bado hakuna, mama, labda kesho. Wiki iliyopita nilikufumia sweta na yeye ananishikia uzi.

Jana Shihab aliingia na mkewe na Bimdogo, wakakaa kunizunguka, mmoja huku mmoja huku, Shihab akanishika mkono. Nilijua hapo hapo. Sikuwagombeza. Ningewagombeza kwa lipi?

Hud yu hai, anakula vizuri. Nakwambia hilo kwa sababu uliniambia nikwambie akifa mtu. Hajafa mtu mwingine.

Jean anasema kaburi limeelekea vizuri, wazee walichimba siku mbili, yule wa mapafu walimkalisha kitini na koleo mkononi. Alisema kwamba siku za mwisho uliomba kalamu mara mbili, na mara zote mbili ulilala kabla ya kuandika. Nimemuuliza kwa kinywa cha Balqis kama karatasi ile ipo. Ameniambia ipo, imeandikwa "Dada Mabruka," na chini yake hakuna kitu.

Mabruka